Nakshi ya Mkono Unaotetemeka

Kitale,
11 Juni 2006.

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Kitale, kwangu mimi mwanao Mukhisa. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima pamoja na Mama, na kwamba kile kifua chake hakimsumbui sasa baridi ikianza. Huku mvua inanyesha kila alasiri bila kukosa, mahindi ya watu yamefika magotini, na mimi nakula vizuri na kulala vizuri. Mdogo wangu Nakhungu naye mwambie viatu alivyoagiza nitavituma, asinikumbushe tena kwa simu ya kila jirani pale Kanduyi.

Barua yako niliipata. Niliisoma nikiwa nimesimama pale posta, nikaitia mfukoni, nikaisoma tena kazini mpaka wenzangu wakauliza kama kuna msiba. Umesema wazee wa ukoo wamekaa na kukubaliana kwamba visu vya tohara vya marehemu Baba Mkubwa Makokha vinanitafuta mimi, kwamba kutetemeka kwa mkono wangu ndiyo ishara yenyewe, na kwamba kabla ya Agosti, vijana wakianza kuingia jandoni, niwe nimekuja nyumbani kuvipokea. Umesema mbuzi ameshanunuliwa. Kisha mwishoni umeweka maneno ambayo siku ile sikuyaelewa: kwamba nisifanye kama wewe ulivyofanya, kwa sababu wewe umelipa. Ulitaka jibu kabla mwezi haujaisha. Jibu ni hili, Baba, lakini nivumilie nianzie mbali kidogo. Hili ni jambo la mkono, na siwezi kulijibu kabla hujajua mkono huu hufanya nini kutwa nzima.

Najua huwaambia watu kanisani ati kijana wako ananoa visu Kitale. Sikulaumu, mimi mwenyewe sijawahi kukueleza vizuri. Mzee Muigai, mwenye karakana, hutengeneza visu vya mfukoni, vile vya kukunja, lakini si vya kukatia sukuma wiki. Wanaovinunua ni watu wa ng'ambo ambao, kwa jinsi ninavyoelewa, hawakati chochote navyo. Wanavilaza kwenye sanduku lenye kitambaa na kuvitoa wakati wageni wamekuja. Mipini yake ni ya titaniamu, chuma cha kijivu, chepesi kiasi kwamba ukikishika unadhani umeuziwa bati. Ukikipitishia umeme ndani ya maji ya magadi kinageuka rangi, buluu, zambarau, hata dhahabu, bila tone la rangi kupakwa. Kazi yangu ni kuchora nakshi kwenye hiyo mipini kabla ya rangi: majani na maua yanayojikunja, yakizaana moja kutoka kwa lingine, kama ule uzi wa malenge unaojizungusha kwenye fito za ua.

Naona unatikisa kichwa. Hata mimi nilitikisa nilipoambiwa kuna mtu analipa kwa ajili ya maua juu ya kisu. Lakini Baba, nimeipenda kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono yangu, na naomba uliweke hilo akilini unaposoma mengine.

Aliyenifundisha ni Wahu, mpwa wa Muigai, mama wa watoto wakubwa, mwenye mdomo mkali kuliko vyombo vyake. Tunatumia patasi ndogo, fupi kuliko penseli, yenye kitako cha mviringo kinachokaa katikati ya kiganja, na tunasukuma tu, hatugongi nyundo. Shaba ukiisukuma inaachia unyuzi safi. Titaniamu ina roho mbaya. Inanata kwenye ncha kama ugali mbichi kwenye mwiko, na ukizubaa ncha inakatika, na ukirudia mahali pale pale unakuta pamekuwa pagumu zaidi. Jambo la kwanza Wahu alilonikataza ni kuuzungusha mkono. Alisema mkono unakaa, kazi ndiyo inayozunguka. Kipande kinabanwa kwenye vaisi ya mviringo kama mpira, mkono wa kulia unasukuma mbele tu, na wa kushoto unauzungusha ule mpira polepole, na mkunjo unajitokeza wenyewe. Ukisimama katikati ya mkunjo ili upumue, jicho la mnunuzi litaona kiwiko pale uliposimama. Nilijikunja na hiyo vaisi karibu mwaka mzima kabla hajanisifu, na aliponisifu alisema tu kwamba sasa siharibu sana.

Basi mkono ukaanza. Na hapa nikuambie jambo ambalo hakuna mzee aliyeniuliza: ulianza kabla ya Baba Mkubwa kufa, miezi mingi kabla, akiwa bado anatembea na fimbo yake sokoni. Nikiuweka mapajani umetulia kabisa. Nikiupeleka mahali, kwa kikombe, kwa kitasa, kwa kazi, unaanza kucheza. Mwanzoni ilikuwa kidogo, na kitako cha patasi kikikaa vizuri kiganjani niliweza kuuzuia. Halafu siku moja nilikuwa karibu kumaliza mpini, zimebaki nyuzi za majani tu, patasi ikaruka kutoka kwenye mkunjo ikalikata jani lote na kwenda mpaka ukingoni. Wahu alijaribu kuugeuza ule mkwaruzo uwe mshipa wa jani. Muigai akaja na kioo chake cha kukuza, akaangalia muda mrefu, akasema jani lile ni gonjwa. Hakunifukuza. Alinihamisha kwenye kusugua na kutia rangi, na patasi zangu akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka kwenye droo yake. Niliona aibu, Baba, sitaficha. Nilienda nyuma ya karakana nikalia kama mtoto.

Pasaka ndipo Hillary alipokuja kutafuta vipuri vya baiskeli yake. Wewe unamjua mtoto wa ndugu yako: baiskeli yake haina breki na mdomo wake vivyo hivyo. Alinikuta nikibeba chai, akaiona ikimwagika kwenye sahani, akanywa chai yake, akapanda gari. Jumapili iliyofuata Kanduyi nzima ilikuwa inajua kwamba kisu cha Makokha kimenishika. Cha ajabu ni kwamba Hillary mwenyewe ndiye aliyevililia visu hivyo baada ya mazishi. Ni vya baba yake, mkono wake ni thabiti, anachinja jogoo huku anapiga hadithi. Wazee wakamwambia visu havijamtikisa. Nami ninayeshindwa kushika kikombe nikaambiwa ndiye.

Lakini usidhani nilicheka. Nilianza kuamini. Nimekulia kwenye boma lile, nimewahi kumwona Baba Mkubwa akitetemeka mwili mzima asubuhi ya kazi mpaka vijana wenyewe wanaogopa kumwangalia, na nimesikia tangu utotoni kwamba anayekataa kisu huugua, yeye au wa nyumbani kwake. Nilijiambia, basi ndiyo maana. Ndiyo maana jani lile liliharibika, kumbe mkono una mwenyewe. Wakati huo sikuwa nikilala. Nilimwomba Mungu auchukue ule mtetemo, halafu nikaogopa kwamba nikiombewa ukiondoka nitakuwa nimekataa.

Wahu ndiye aliyenitoa hapo, wala si kwa huruma. Alikuwa amechoka kurudia mipini niliyoisugua vibaya. Nilipomweleza habari ya visu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hana neno na mizimu ya watu, lakini kama inanitaka kweli haitakasirika nikipimwa kwanza. Akanipeleka hospitalini mwenyewe, akakaa nje kwenye benchi akifuma, nisije nikatoroka.

Daktari alikuwa mama mmoja aitwaye Jeruto, mpole, asiye na haraka. Aliniambia ninyooshe mikono, niguse pua, nimimine maji kutoka kikombe hiki hadi kile. Halafu akanipa kalamu, akasema nichore mkunjo mmoja unaoanzia katikati na kwenda nje, bila kuegemeza mkono mezani. Nilicheka, nikamwambia mama, hiyo ndiyo kazi ninayolala nayo na kuamka nayo. Nikachora. Ulitoka kama seng'enge, Baba. Nimechora mikunjo mpaka naiona usingizini, na ule ulikuwa kama wa mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Hapo kicheko kikaisha.

Aliniuliza kama ninakunywa. Nikasema mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa. Akangoja. Nikasema basi, kwenye mazishi ya Baba Mkubwa nilikunywa busaa kidogo na vijana wenzangu, na unisamehe kwa hilo, na ndiyo, siku ile mkono ulitulia kabisa, hata mimi nilishangaa. Akaandika. Akasema hili ni jambo linalojulikana: kuna watu ambao mkono ukipumzika umetulia na ukitumwa unatetemeka, kwamba haliui, kwamba si woga wala wazimu, na kwamba mara nyingi linatembea ndani ya familia, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Akauliza nyumbani kwetu ni nani mwingine. Nikasema Baba Mkubwa Makokha, amefariki. Akauliza baba yangu je. Nikasema hapana, baba yangu hana kitu. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bungoma, na samahani kwamba sikupita Kanduyi. Nilikwenda moja kwa moja sokoni kwa Senge, nikamkuta na maharagwe yake. Nilimwomba yeye, dada yako, aniambie kweli, nami naomba usimkasirikie, kwa sababu alikataa mara nyingi kabla ya kusema, na aliposema alilia.

Alianza na Baba Mkubwa. Alisema Makokha hakuwahi kutoka asubuhi ya tohara bila busaa, na watu walidhani ni kiburi, lakini yeye aliyekuwa akimtilia alijua kwamba bila kibuyu kile kaka yake asingeweza kufunga hata kifungo cha shati. Msimu wake wa mwisho alikuwa amekatazwa pombe kwa sababu ya tumbo, akatii, akatoka mkavu. Kijana mmoja wa jirani alikatwa mahali pasipofaa, akapelekwa hospitali kwa baiskeli, damu ikimwagika njia nzima. Alipona, ashukuriwe Mungu. Watu walisema kuna jirani mwenye jicho baya. Senge anasema tangu siku hiyo Baba Mkubwa hakuvigusa tena vile visu, na hakuwa yule mtu tena.

Kisha akaniambia habari yako. Alisema ulipokuwa kijana, ukimpelekea Kuka, baba yenu aliyekuwa na visu wakati huo, maji ya kunawa, bakuli lilikuwa likicheza mikononi mwako mpaka yanakumwagikia miguuni. Kwamba wazee walifurahi, wakanunua mbuzi, na wewe ukatoroka usiagane na mtu, ukaja huku Trans-Nzoia kufanya kazi kwenye mashamba, ukaokoka hukohuko, na kisu kikaenda kwa Makokha. Kwamba ulirudi nyumbani na Mama na mtoto mgongoni, watu wakawa wamesahau. Na kwamba dada yangu Edinah alipokufa, ulisimama kaburini ukamwambia Senge kwa sauti ya chini: wamemchukua wa kwangu kwa sababu niliwakatalia. Alisema hujarudia maneno hayo tena mpaka leo.

Nilikaa pale kwenye gunia la maharagwe. Nilikuwa mdogo Edinah alipokufa, namkumbuka kwa sauti tu, akiniita nije kula. Sikujua kwamba umekuwa ukimbeba hivyo miaka yote hii, ukihubiri, ukizika watoto wa wengine, ukiwafariji watu kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na wewe mwenyewe huamini ni Bwana aliyetwaa. Sasa ndiyo naelewa kwa nini ulipomsikia Hillary ulikubali haraka vile, wewe mzee wa kanisa. Ulikuwa unaniokoa mimi.

Nami nakujibu, Baba, kwa heshima yote. Sitakuja kuvipokea visu. Mwambie mzee yeyote atakayeuliza kwamba nimekataa kwa akili zangu timamu, na kwamba kama kuna kulipa nitalipa mwenyewe. Mimi nikiteleza kwenye titaniamu, chuma kinapata mkwaruzo, Muigai ananuna, kipande tunakitupa kwenye ndoo na kuanza kingine. Kijana wa mtu hatupwi kwenye ndoo. Nimeuona mkono wangu ukiruka, najua unaruka upande gani na kwa nguvu gani, na siwezi kusimama mbele ya mtoto wa jirani nikiwa na elimu hiyo. Kama ukoo unataka mtu, kuna mwenye mkono uliotulia, naye anavitaka. Mwacheni avichukue, na akafundishwe usafi wa kisasa kwanza. Sisemi kwamba wazee wote wa zamani walikosea. Sijui Kuka alikuwa na nini, na aliyemtangulia sijui. Nasema ninachojua kuhusu mkono huu.

Daktari amenipa vidonge, vilevile wanavyopewa watu wa presha. Havijaumaliza mtetemo, vimeupunguza. Kuna siku nzuri na siku mbaya. Wahu amenitengenezea ubao wa kubanisha mkono wote mpaka kiwikoni, ili mwili ndio usukume, na wiki jana alizitoa patasi zangu kwenye droo ya Muigai bila kuomba ruhusa. Nimechora jani moja kwenye kipande cha majaribio. Muigai aliliangalia kwa kioo chake, akarudisha kipande mezani, akaenda zake bila kusema kitu, na huku kwetu hiyo ni habari njema. Mpini mzima bado hajanipa. Pengine hatanipa tena. Ninaogopa hilo kuliko ninavyoogopa wazee, na bado naamka asubuhi na kwenda.

Sasa nimalizie na neno ambalo limefanya niandike badala ya kupiga simu. Baada ya kutoka kwa Senge nilianza kukukumbuka, na nikaona nilikuwa nakuangalia maisha yangu yote bila kuona. Unashika kikombe kwa mikono miwili na hukijazi. Kanisani huchukui sahani ya sadaka, unamwachia mwingine, nasi tukadhani ni unyenyekevu. Harusi ya binamu ulisema umesahau miwani, ukamwomba Mama atie sahihi. Na barua zako zote, tangu niende shule ya bweni, zimeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Kwanza alikuwa mwalimu, sasa ni Hillary. Nilidhani ni ukubwa, kwamba mzee akisema, vijana wanaandika. Kumbe umekuwa ukijificha, tena mbele yetu.

Baba, hukumkatalia mtu yeyote. Ulikuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni mdogo, una vidonge, na umenipa mimi kama ulivyonipa pua hii. Edinah alikufa kwa surua. Mama mwenyewe anajua ni watoto wangapi walizikwa msimu ule kijijini, na wengi wao ni wa watu ambao hawakuwahi kukataa kitu katika maisha yao. Hakuna aliyemchukua kwa sababu yako. Hukulipa, Baba, kwa sababu hukuwa na deni.

Barua hii nimemtumia Senge akuletee mkononi, uisome peke yako. Mama umwambie au usimwambie, ni juu yako. Msalimie sana, na kanisa lote, na mama yake Hillary. Daktari Jeruto yuko kila Jumanne, na ukija nitakungoja stendi.

Na ukinijibu, nakuomba usimwite Hillary. Andika mwenyewe. Herufi zikipinda na zipinde, hata likiwa jina lako tu. Mimi sijawahi kuuona mwandiko wa baba yangu.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Mukhisa.